Kibaba cha Bi Mwanakombo

Tulikuwa watu wanane ukumbini siku ile, na nataka niwataje wote kwanza, asije mtu akasema nimesahau. Alikuwepo bibi yangu mzaa baba, Mwanaidi, amelala juu ya kitanda cha kamba kilichotolewa chumbani ili apate hewa ya mlango wa mbele. Alikuwepo Ami Bakari, mdogo wake baba, aliyekuwa mpimaji kwenye ghala la katani. Alikuwepo mama yangu, Zaina, mkwe wa bibi, ameshika tasbihi. Maalim Hatibu, aliyetusomesha Kurani chuoni, hakuwa ndugu wa damu, alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Dada yangu Mwantumu alikuwepo, nami Mwanamvua niliyemfuata kuzaliwa. Na juu ya jamvi, amekunja miguu, alikuwepo Bi Mwanakombo, mke mwenzake bibi, na ubavuni mwake mjukuu wake Semeni, binti wa shangazi yetu. Mimi na Semeni tulilingana umri, tulikuwa damu moja, na tulikuwa hatujapata kukaa jamvi moja. Baba hakuwepo. Alikuwa shambani Maramba, na hayo ninayoyasema alikuja kuhadithiwa.

Aliyenikumbusha ni mjukuu wangu Rukia, ninayekaa naye hapa Mabawa. Anapika keki za watu, za harusi na za shughuli, na mapishi yake anayatoa kwenye simu. Simu ikisema gramu, yeye ana vikombe. Ikisema vikombe, basi nao hajui ni vikombe vya wapi. Akanunua mizani ndogo ya kuweka mezani, nyeupe, nyembamba kama sahani. Juzi alijaza kikombe unga akaupima, akajaza kikombe kile kile sukari akaipima, akaniita nije nione maajabu, kikombe kimoja na uzito haulingani. Alidhani mizani imeharibika. Nikamwambia haijaharibika, ndivyo vilivyo, unga una pumzi ndani yake na sukari imelala. Akaniuliza nimejulia wapi, mie niliyeishia darasa la nne. Nikakaa kwenye kigoda, kwa kuwa jibu lake ni refu na lina watu ndani yake.

Nyumba yetu ilikuwa Ngamiani. Kuta za udongo na mawe zilizopakwa chokaa, bati lililoshika kutu, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na ukipita ukumbi unatokea uani, penye jiko la mafiga na kibanda cha makuti. Asubuhi uliamshwa na mbuzi ya nazi inayokwaruza, halafu kengele za baiskeli za watu waendao kazini. Harufu ya kwanza ilikuwa ya moshi wa vifuu, ya pili ya vitumbua. Sisi watoto wa kike kazi yetu ilikuwa kuchambua mchele kabla jua halijapanda. Unauweka kwenye ungo, unaupepeta, unatoa chuya na vijiwe, na bibi anapita nyuma yako anatia mkono kwenye ungo wako bila kusema neno. Akikuta kijiwe anakiweka kwenye kiganja chako, basi, hilo ndilo lililokuwa kemeo.

Siku hizo chakula cha nafaka kilikuwa hakipimwi kwa uzito. Mchele, mtama, kunde, choroko, vyote vilikwenda kwa kibaba. Kibaba kimoja ni chakula cha mtu mmoja mwenye njaa yake. Viwili ni kisaga, vinne ni pishi, na mtu akisema leo nyumba ya fulani wamepika pishi kumi huna haja ya kuuliza zaidi, ushajua kuna harusi au kuna hitima. Uzito ulikuwa wa samli, nyama na sukari, vitu vya ratili, na hiyo ilikuwa kazi ya mwenye duka na mizani yake. Mwanamke nyumbani kwake hakuwa na mizani. Alikuwa na kibaba na alikuwa na mkono. Bibi hata maji ya wali hakuyapima kwa chombo. Alisimamisha kidole juu ya mchele, maji yakifika pingili ya kwanza anafunika.

Kibaba cha nyumba yetu kilikuwa cha mninga. Babu alikichonga mwenyewe, kisha akakipeleka msikitini kukilinganisha na kile cha kupimia fitri. Alikaa barazani akikikwangua ndani kidogo kidogo, anajaza mchele kimoja anaumimina kwenye kingine, mpaka ukawa haupungui wala haumwagiki. Kikijazwa kilipitishwa kijiti juu ya mdomo, mchele uliozidi ukaanguka, na hicho ndicho kibaba cha mfuto, kibaba cha haki. Usipokifuta, mchele husimama juu kama kichuguu. Huo unaosimama tuliuita kichwa. Kichwa ni hisani ya mwenye kupima. Ukipewa unashukuru, usipopewa huna pa kushitaki.

Na hapo pa kupima ndipo palipoharibika mambo ya nyumba ile.

Babu alikuwa na wake wawili chini ya bati moja. Bibi alikuwa Bi Mkubwa, na ufunguo wa ghala la nyumba ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake. Bi Mwanakombo, aliyeolewa baadaye, akifika zamu yake ya kupika huja mlangoni na ungo, na bibi humpimia. Ilivyosemwa, Bi Mwanakombo alianza kulalamika mapema sana, kwamba wali wake haufiki. Alipika kwa vibaba vile vile alivyopika mwenzake, na siku zake watu waliinuka sahanini wakiwa bado wanatazama sufuria. Babu akaanza kusema kwamba huyu mke mdogo hajui kupika wali, anauchoma chini. Hakuwa akiuchoma. Akaja kugundua, au alisema amegundua, kwamba bibi akishika kibaba hukishika kwa dole gumba ndani. Dole gumba la mtu mzima, kila kibaba, kila zamu.

Bibi alikana. Alikana mbele ya babu na mbele ya wazee walioitwa. Tangu hapo maneno yakawa ya kupigana vijembe uani. Bi Mwanakombo akipakua husema kwa sauti, kama anaongea na sufuria, kwamba wali wa leo mwembamba, bila shaka umepimwa na mtu mwenye vidole vinene. Na bibi toka chumbani humjibu amuulize tumbo lake, kibaba hakina kosa. Wanawake wa jirani walikuja kukuna nazi kwetu siku za zamu ya Bi Mwanakombo, nazi zenyewe hawana, wamekuja kusikiliza.

Babu akafa. Eda ilipokwisha vikagawiwa vitu, na Bi Mwanakombo akaambiwa achague chombo cha kuondoka nacho. Palikuwa na sufuria kubwa ya shaba, palikuwa na sinia za shughuli. Akasema anataka kibaba. Wengine wakacheka, mjane gani anaacha shaba anachukua kipande cha mti kilichochongwa. Lakini waliomjua hawakucheka. Alikitia kwenye kikapu chake, akahamia kwa binti yake barabara ya pili kutoka kwetu, na kuanzia siku hiyo wale wawili hawakuamkiana. Wakikutana njiani mmoja huvuka. Sisi watoto tulipokutana na Semeni kisimani tulitazamana tu, kila mmoja akijaza ndoo yake.

Miaka hiyo hiyo zikaja kilo. Madukani ratili zikaondolewa, yakaletwa mawe mapya ya mizani, na tukaambiwa na mchele nao sasa ni wa kilo. Watu walihangaika. Mwanamke anajua nyumba yake inakula pishi, anafika dukani anaulizwa kilo ngapi, anabaki ameshika mdomo. Kwa muda wenye maduka waliendelea kuweka kibaba cha bati chini ya meza kwa ajili ya wazee, halafu polepole navyo vikapotea.

Bibi alianza kuugua miguu, ikavimba, halafu pumzi. Akalala. Ramadhani ile ikaingia na ikatoka hakufunga hata siku moja, yeye ambaye alikuwa akifunga na mimba. Siku ya Idi alilia tukadhani ni maumivu. Maalim Hatibu alipokuja kumwangalia akamwambia ugonjwa wake si wa kusubiri upone ulipe saumu, kwa hiyo amewekewa nafuu ya fidia: kila siku aliyokula, kibaba kimoja cha chakula apewe masikini. Bibi akatulia. Akamwita Ami Bakari, akamwambia atoe fidia ya mwezi mzima, na itolewe mbele ya macho yake. Hilo alilisisitiza. Alisema anakaribia kuondoka na hataki kuondoka na deni la siku za Mwenyezi Mungu mgongoni.

Ami Bakari alikuwa mtoto mwema na alikuwa mtu wa mizani. Kutwa nzima kazini alipandisha marobota ya katani na kuyashusha, na uzito aliuona kwa macho kabla ya jiwe. Alikwenda kwa Mwarabu wa dukani mtaani kwetu, akamwomba ampimie kibaba kimoja ajue ni gramu ngapi. Mwarabu akatafuta chini ya meza akatoa kibaba chake cha bati, akakijaza, akakiweka kwenye mizani. Ami akazidisha kwa siku za mwezi, akanunua mchele wa Korogwe kwa kilo hizo hizo, akaja nao begani ndani ya gunia, akautua mbele ya kitanda. Alikuwa amefurahi.

Bibi akalitazama gunia. Akauliza vibaba viko wapi. Ami akamweleza hesabu ya kilo, taratibu, mara mbili. Bibi akamwambia hesabu yake ni nzuri lakini yeye hajadaiwa kilo, amedaiwa vibaba. Ami akasema, mama, kitu ni kile kile, kimebadilika jina. Bibi akageukia ukuta.

Akaitwa tena Maalim Hatibu. Huyu alikuwa mpole sana, mfupi, mikono yake midogo kama ya bibi arusi. Akasema zamani kabla ya vyombo, kibaba kilikuwa ni viganja viwili vya mtu wa wastani, vikiunganishwa na kujazwa. Basi Ami akaunganisha viganja vyake, vipana kama koleo, mama akamjazia mchele. Maalim naye akaunganisha vyake. Ilipomiminwa kwenye sahani mbili ilikuwa kama chakula cha baba na chakula cha mtoto. Sote tukacheka, na bibi akacheka, kicheko kikamkata pumzi mpaka mama akamwinua.

"Sasa nitahesabiwa kwa viganja vya nani," akasema, "vya Bakari au vya Hatibu?"

"Chukua vya Bakari, Bi Mwanaidi," Maalim akamwambia, "uzidishe, uwe salama."

"Sitaki kuzidisha. Nataka kulipa."

 Siku ile nzima alikuwa akitazama pale juu ya mlango wa ghala, kwenye msumari ulipokuwa ukitundikwa kibaba, na mama alimwona anavyopatazama.

Asubuhi yake mama alijitanda kanga, akatuchukua mimi na Mwantumu, akatuambia tunakwenda kununua mboga. Hatukwenda kununua mboga. Tulikwenda barabara ya pili. Bi Mwanakombo alikuwa uani anapepeta choroko. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba wajukuu zangu, neno ambalo lilinishangaza, kwani sikujua kama sisi ni wajukuu zake. Mama hakuzunguka. Alimweleza ugonjwa, alimweleza fidia, akamwambia kibaba cha babu ndicho kilicholinganishwa na cha msikitini na mgonjwa hana imani na kingine. Akamwomba amwazime kwa siku moja tu, na akamwambia kwamba bibi hakumtuma.

Bi Mwanakombo aliendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi. 

"Najua hakukutuma," akasema. "Nenda, mwanangu. Kibaba changu hakitembei peke yake."

Alasiri akaja. Tulimsikia mlangoni akipiga hodi. Mama akaitikia karibu, na hakuingia. Akapiga hodi ya pili. Ami naye akamkaribisha, bado hakuingia; tulikiona kivuli cha buibui lake pale kizingitini. Hodi ya tatu aliipiga polepole. Sote tukawa tunamtazama bibi.

"Karibu, Mwanakombo," bibi akasema. "Nyumba unaijua."

Aliingia na Semeni nyuma yake amebeba kapu la ukindu kichwani. Hakuuliza hali. Alikaa kwenye jamvi, akafungua kitambaa, akatoa kibaba, akampa bibi mkononi. Bibi akakishika kwa mikono miwili. Akapitisha kidole ndani, mzunguko mzima, chini na kwenye mdomo, kama mtu anayempapasa mtoto kutafuta pa homa. Kisha akakirudisha. Mwili haukumruhusu kukaa, wala asingeweza kupima mwenyewe. Kwa hiyo aliyepima ni Bi Mwanakombo.

Naiona mpaka leo namna alivyokishika. Vidole vyote nje, vimenyooka, kama mtu aliyeshika kikombe cha moto. Alichota katika gunia la Ami, akapitisha kijiti, akamimina kwenye ungo. Mfuto. Mama akavuta punje ya tasbihi. Mwantumu na mimi tukamimina kwenye vikapu vya kupelekewa masikini, na Maalim akawa anataja, hili ni kumi la kwanza la Ramadhani, la rehema, tumelimaliza. Hili ni kumi la pili, la kusamehewa.  Mlio wa mchele ukianguka kwenye ungo ni kama mvua inayoanza juu ya makuti. Bibi alikuwa amefumba macho na midomo yake inacheza.

Tukaingia kumi la mwisho, lile la kuachwa huru na moto. Na humo humo, kabla hatujalifikisha hata katikati, mkono wa Bi Mwanakombo ukagusa chini ya gunia. Akalikung'uta. Zikaanguka punje chache na vumbi.

Mchele umekwisha na siku hazijaisha.

Ami Bakari alisimama. Alisema haiwezekani, amezidisha mwenyewe na kurudia. Maalim akamuuliza kwa upole, kile kibaba cha dukani Mwarabu alikijaza nini. Ami akajibu, unga. Alijaza unga wa sembe, ndio uliokuwa karibu na mkono. Na Ami alipolisema hilo neno akalisikia mwenyewe, akakaa chini palepale sakafuni. Maisha yake yote ya kazi alipima kitu kimoja. Kwake yeye katani ni katani, hakupata kuona chombo kimoja kikibadili uzito kwa kilichomo. Kibaba cha unga ni chepesi kuliko kibaba cha mchele, na yeye alinunua mchele kwa uzito wa unga. Hakuna aliyemlaumu. Bibi alisema tu, bila kufumbua macho, kwamba angekwenda nazo, siku zote hizo angekwenda nazo kaburini, na watu wanamwombea dua wakidhani kalipa. Ami akafunika uso na kofia yake.

Bi Mwanakombo akamwambia Semeni asogeze lile kapu. Mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu, na lile lilikuwa ndilo alilomletea: mchele wake mwenyewe, uliochambuliwa mpaka unang'aa. Akatia kibaba ndani, akakiinua kimejaa, kichwa kimesimama juu yake. Akakimimina kwenye ungo bila kukifuta. Punje zikamwagika kando. Mama hakuvuta tasbihi, alikuwa anasubiri kijiti. Bi Mwanakombo akachota cha pili, hivyo hivyo.

Bibi alifumbua macho.

"Futa, Mwanakombo."

Akachota kingine. Hakukifuta.

"Deni langu ni la mfuto," bibi akasema. "Futa."

"La mfuto nimelipima mpaka gunia limekwisha, Bi Mkubwa. Huu ni mchele wangu na huu ni mkono wangu."

Hapo ndipo bibi alipojaribu kuinuka. Mama akamkamata mabega. Pumzi ilikuwa inamtoka kwa shida, na sisi watoto tuliogopa, tukadhani ndiyo saa yake. Alikuwa akimtazama mwenzake tu.

"Dole lilikuwamo," akasema.

Akashika kamba za kitanda.

"Lilikuwamo, Mwanakombo. Si kila siku. Lakini lilikuwamo. Nilitaka aseme wali wangu ndio wali."

Bi Mwanakombo mkono wake ulikuwa ndani ya kapu, na ukabaki humo. Nilimwona Semeni akimtazama bibi yake usoni, halafu akatazama chini upesi, kama mtoto aliyefungua mlango asiopaswa kuufungua.

"Nalijua," Bi Mwanakombo akasema. "Nilikuwa nasimama pale na ungo nikiliona. Nilijua siku utakayoweka na siku usiyoweka, kwa namna ulivyoniitikia asubuhi."

Kisha akakitoa kibaba kimejaa, kichwa juu, akakimimina. Akasema na neno jingine, kwa sauti ya chini, akiwa ameinamia kapu. Mama akavuta punje. Maalim Hatibu alikuwa ameacha kutaja, anajifuta macho kwa mkono wa kanzu. Hivyo ndivyo kumi la mwisho lilivyotimia, lote likiwa na vichwa, na vikapu vikawa vizito hata Mwantumu akashindwa kunyanyua kimoja peke yake.

Walikaa wawili hao mpaka magharibi inaingia. Waliongea habari za bei ya nazi na ya mwanamke mmoja wa zamani aliyekuwa akiuza mabumunda mtaani, kama watu walioachana jana. Alipoondoka aliondoka na kibaba chake, maana kilikuwa chake. Bibi hakuifikia Ramadhani iliyofuata. Waliomwosha walikuwa wanne, na Bi Mwanakombo ndiye aliyekuwa upande wa kichwa.

Nilipokuwa mkubwa nikajua kwamba dole gumba moja la mchele si kitu, halishibishi hata kifaranga. Lakini mtu anayekupunja kidole kimoja kila siku anakwambia jambo kila siku, na wewe unalipokea kwenye ungo, unalipika, unawapa wanao.

Mwaka huu Ramadhani nami sikufunga. Sukari imenishika na daktari amekataza. Mwanangu aliye mbali alinipigia akasema nisiwe na wasiwasi, ametuma fidia yangu kwa simu, wahusika wanajua hesabu zake, kilo zote zimo. Ni kweli zimo. Siku hizi masheikh wamelifanyia kazi jambo hilo, kibaba cha mchele kinajulikana uzito wake na cha unga uzito wake, na kosa la Ami Bakari haliwezi tena kumpata mtu. Nimemshukuru mwanangu na ninamwombea. Ila niliketi kitandani na simu mkononi, nikangoja, sijui nangoja nini. Hapakuwa na mtu wa kupiga hodi. Sikusikia mchele. Deni limelipwa na nyumba imebaki vile vile, kila mtu na alilonalo moyoni, kwa sababu halikumlazimisha yeyote kuvuka barabara.

Vibaba vimekwisha. Rukia hajapata kukiona hata kimoja, nilimwonyesha kwa mikono. Nyumba yetu ya Ngamiani imevunjwa imejengwa ya matofali, na msumari ule sijui ulikwenda na ukuta upi. Bibi, ami, Maalim, baba na mama, wote wametangulia, na dada yangu Mwantumu akawafuata.

Kuna jambo moja ninalolihangaikia, na ndilo lililonifanya nimwambie Rukia aniandikie haya vizuri. Maalim Hatibu alipata kutufundisha kwamba deni la saumu ni baina ya mja na Mola wake, na Mola ni mkarimu. Lakini dole lile lilikuwa deni la mtu, na la mtu haliondoki mpaka mwenyewe atamke. Sasa lile neno la chini alilolisema Bi Mwanakombo akiwa ameinamia kapu, mimi niliyekuwa karibu na mlango nilisikia kama anamwambia Semeni asogeze kapu. Mwantumu mpaka anakufa alishikilia kwamba alisema, nimekusamehe. Tumebishana uzee wetu wote. Mama tulipomuuliza alisema alikuwa anahesabu.

Semeni ndiye aliyekuwa ubavuni mwake. Nasikia aliolewa Maramba na kwamba bado yuko hai, ana wajukuu. Majina ya watu wote niliyoyataja nina hakika nayo, na pale kila mtu alipokaa. Nikiwa nimekosea kwingine, mtu yeyote anayewajua na anirekebishe. Lakini hapo kwenye neno lile nakuomba wewe, Semeni, au mwanao akusomee: kama nilisikia vibaya, nisahihishe. Nitafurahi kuwa nilikosea.